Kaboni inayong'aa: faida yake ya kwanza iko kwenye kipimo, si kwenye sindano

Oktoba 2023, Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu ya nukta za kwantamu, watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba chembe ikipunguzwa hadi vipimo vya nanomita inaweza kubadili rangi ya mwanga inaoutoa. Tangu hapo habari za binamu wa nukta hizo, yaani kaboni inayong'aa, zimekuwa zikizunguka kwa namna moja: watafiti wamechemsha maganda ya machungwa au majani ya mti fulani, wamepata maji yanayong'aa buluu, na sasa saratani itamulikwa mwilini ionekane, ikiwezekana iuawe papo hapo. Nimezisoma nyingi kati ya habari hizo, na nadhani zinaelekeza macho yetu mahali pasipo sahihi. Kaboni inayong'aa ina nafasi halisi katika tiba, tena nafasi kubwa kwa nchi kama zetu. Ila nafasi hiyo iko nje ya mwili: kwenye karatasi ya kipimo, kwenye tone la damu na kwenye mashine inayosoma mwanga hafifu ambao jicho haliwezi kuuona. Anayengoja sindano itakayomulika uvimbe atangoja muda mrefu, na wakati huo huo vipimo vitabuniwa na wengine, kwa damu ya watu wengine, kisha sisi tuuziwe.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti katika Chuo Kikuu cha South Carolina nchini Marekani kilikuwa kikisafisha neli za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya kaboni, zilizotokana na masizi ya cheche za umeme. Katika kuzitenganisha walikuta vipande vidogo wasivyovitarajia, na vipande hivyo viling'aa. Miaka miwili baadaye Ya-Ping Sun na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson walionyesha kwamba chembe za kaboni zikivikwa molekuli za kikaboni juu yake hutoa mwanga mkali wa rangi mbalimbali, na jina la nukta za kaboni likashika. Mwaka 2007 wengine wakazitoa kwenye masizi ya mshumaa, na 2012 watafiti wa India wakazitengeneza kwa juisi ya machungwa. Kwa kawaida chembe hizi hazizidi nanomita 10, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kuzitengeneza ni rahisi mno, na urahisi huo ndio umewavutia wengi. Asidi ya sitriki, ile inayotiwa kwenye juisi za viwandani, ikichanganywa na urea na maji kisha kuwekwa kwenye maikrowevu kwa dakika chache, huacha tope la kahawia. Liyeyushe tena kwa maji, lichuje, kisha limulike kwa taa ya urujuanimno kama ile ya mawakala wa fedha wanaokagulia noti bandia: kimiminika kilichofanana na chai ya rangi kinawaka buluu. Nimewahi kushuhudia kazi hiyo, na sishangai kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiiona mara moja huamua kuwa huo ndio utafiti wake.

Kung'aa kwenyewe si jambo geni katika tiba ya ukanda huu. Kwinini, ambayo wazee wetu waliinywa kwa uchungu wake wote, ikimulikwa kwa urujuanimno inang'aa buluu. Mwanasayansi John Herschel aliandika juu ya mng'ao wake mwaka 1845, na George Stokes akaueleza mwaka 1852: dutu hunyonya mwanga wenye nishati kubwa na kurudisha mwanga wenye nishati ndogo zaidi. Hadi leo makala nyingi za nukta za kaboni hupima ukali wa mng'ao wao kwa kuulinganisha na kwinini iliyoyeyushwa katika asidi, ambayo kati ya kila fotoni (chembe za mwanga) 100 inazonyonya hurudisha takriban 54. Mwaka 2013 kikundi cha Chuo Kikuu cha Jilin nchini China kiliripoti nukta zilizorudisha karibu 80. Kwa ukali wa mwanga, basi, kaboni imeshafika. Kilichobaki ni kujua mwanga huo unatufaa wapi.

Hapa ni lazima kutenganisha ndugu watatu ambao habari huwachanganya. Wa kwanza ni hizo nukta, ambazo nyingi hung'aa buluu au kijani. Wa pili ni neli za kaboni zenye ukuta mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, akiwemo Richard Smalley aliyekwisha kupata Nobel ya 1996, walionyesha mwaka 2002 kwamba neli hizo zikitenganishwa moja moja hutoa mwanga wa infraredi, kati ya nanomita 900 na 1,600 hivi, ambao jicho haliuoni kabisa. Wa tatu ni almasi nano. Almasi safi haina rangi, lakini pale atomu ya nitrojeni inapokaa jirani na nafasi tupu ndani ya fuwele, mahali hapo hunyonya mwanga wa kijani na kutoa mwekundu, na hauchakai hata ukiumulika kwa saa nyingi. Almasi hizi hazichimbwi Mwadui wala mgodi mwingine. Hutengenezwa kwa shinikizo na joto kiwandani, husagwa, hupigwa miali ya chembe zenye nishati kubwa ili kutoboa nafasi tupu, kisha hupashwa moto ili nafasi hizo zijongee karibu na nitrojeni. Kila mmoja wa ndugu hawa ana chanzo chake cha mwanga, faida zake na hatari zake, na hoja iliyothibitishwa kwa mmoja haihamishiki kwa mwenzake.

Wanaotaka kaboni hii iingizwe mwilini wana hoja nzito, na ni haki kuzieleza kwa uzito wake. Nukta za kwantamu za asili, zile za Nobel, nyingi zina kadimi, madini yenye sumu inayokaa kwenye figo kwa miaka mingi. Kaboni haina kadimi. Ukubwa wake nao unasaidia, kwa kuwa majaribio ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa chembe zisizozidi nanomita 5.5 hivi zikiwa zimevikwa vizuri huchujwa na figo na kutoka na mkojo, badala ya kujilimbikiza kwenye ini. Mwaka 2009 kikundi cha Sun kiliingiza nukta za kaboni kwenye panya na kuziona ziking'aa ndani yao, bila panya hao kuonyesha dalili za kudhurika. Kuna pia aina zinazoweza, zikimulikwa, kuzalisha oksijeni kali inayochoma seli zilizo jirani, na katika panya uvimbe umepungua kwa njia hiyo. Mpasuaji anayetoa uvimbe kwenye ovari au ubongo anahitaji sana kujua saratani inaishia wapi na nyama nzima inaanzia wapi. Hakuna mtu mwenye ndugu aliyerudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili atakayeibeza ndoto hiyo.

Tatizo la kwanza ni mwanga wenyewe. Mwanga wa buluu na kijani, ambao nukta nyingi hutoa, haupiti mbali mwilini. Hemoglobini ya damu inaumeza, nyama inautawanya, na baada ya milimita chache hakuna kilichobaki. Isitoshe, mwili wenyewe hung'aa kidogo katika rangi hizo hizo unapomulikwa kwa urujuanimno, kwa hiyo hata mwanga mchache unaofika juu unachanganyika na ule wa ngozi na tishu. Madirisha mazuri yako kwenye infraredi, kati ya nanomita 700 na 900, na lingine baada ya 1,000. Nukta zinazong'aa huko zipo, lakini mwanga wao huwa dhaifu kuliko wa dada zao wa buluu, na picha zinazopamba habari karibu zote ni za hao wa buluu. Tatizo la pili ni kwamba kiti kina mwenyewe. Rangi ya indosianini ya kijani, inayong'aa kwenye infraredi na kutolewa na ini, imeruhusiwa Marekani tangu 1959, na wapasuaji wanaitumia kila siku kuona mtiririko wa damu na mishipa ya limfu. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliidhinisha pafolasianini, molekuli ndogo inayoshika vipokezi vya folati kwenye saratani ya ovari na kuufanya uvimbe ung'ae mbele ya kamera ya mpasuaji. Nukta ya kaboni haishindani na giza. Inashindana na molekuli hizi ambazo muundo wake unajulikana atomu kwa atomu na zimeshapita kwenye miili ya wagonjwa.

Kuna pia mkanganyo mmoja unaorudiwa mara nyingi kiasi kwamba unastahili kusahihishwa waziwazi. Watu hudai kuwa nukta za kaboni tayari zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani New York. Chembe zilizojaribiwa ni zile za Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambazo huitwa C dots, na C hiyo ni ya Cornell, si ya kaboni. Ndani yake ni silika, yaani jamii ya kioo, yenye rangi inayong'aa iliyofungiwa katikati. FDA iliruhusu jaribio lake la kwanza kwa binadamu mwaka 2011, na matokeo ya wagonjwa watano wa saratani ya ngozi ya melanoma yalichapishwa mwaka 2014. Zilitoka na mkojo vizuri na hazikuleta madhara makubwa. Ni kazi nzuri sana, ila si ya kaboni, na hata hiyo silika iliyotangulia kwa miaka mingi bado haijawa kifaa cha kawaida wodini.

Tatizo la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linagusa msingi. Ule mchanganyo maarufu wa asidi ya sitriki na ethilini-daiamini, uliovunja rekodi ya ukali huko Jilin, ulipochunguzwa kwa makini ilionekana kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa buluu hutoka kwenye molekuli ndogo za kawaida zinazoundwa humo humo wakati wa kupasha moto. Molekuli hizo zina muundo unaojulikana na jina lake katika vitabu vya kemia, na zinaogelea kando ya chembe au zimeng'ang'ania juu yake. Kwa hiyo mtafiti anapodunga kimiminika hicho kwenye panya na kuona mng'ao kwenye kibofu baada ya saa moja, anaona nini? Inawezekana nukta zimechujwa na figo, na inawezekana molekuli ndogo zimejitenga na kukimbilia kwenye mkojo huku chembe zenyewe zikibaki kwenye ini, gizani. Majibu hayo mawili yana maana tofauti kabisa kwa usalama wa mgonjwa. Kuyatofautisha kunahitaji usafishaji wa siku kadhaa na vifaa vya gharama, na makala nyingi hazifiki huko. Dawa inaanzia kwenye kujua kilichomo ndani ya chupa. Mchanganyo unaobadilika kila upikaji, kulingana na chungwa la msimu gani na maikrowevu ya nguvu gani, hauwezi kupita kwa mkaguzi yeyote makini.

Baada ya kusema hayo, hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi: kwamba chembe hizi zimetokana na matunda na majani, kwa hiyo ni salama. Moshi wa kuni unatokana na mti. Unatibu nini kwenye mapafu ya mama anayepika jikoni kusiko na dirisha? Malighafi haibaki ilivyokuwa baada ya kupikwa kwa nyuzi 200 ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa. Vifungo vinavunjika, vipya vinaundwa, na kilichokuwa sukari kinageuka kuwa kitu ambacho mwili haujawahi kukutana nacho. Usalama unatokana na ukubwa, umbo, kilichovikwa juu, dozi na muda wa kukaa mwilini. Kaboni yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2008 watafiti walipoingiza neli ndefu na ngumu za kaboni zenye kuta nyingi kwenye utando wa tumbo la panya, zilileta uvimbe na makovu yanayofanana na yale ya asbesto, wakati zilizo fupi au zilizojisokota hazikufanya hivyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya neli hizo, iitwayo MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Aina nyingine za neli hazikuwekwa humo, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Tukisoma matokeo hayo kwa uaminifu tunapata pia jibu kwa wanaosema kila kitu cha nano ni sumu: kaboni ile ile, kwa urefu tofauti, ilileta matokeo tofauti. Anayehukumu nukta ya nanomita tano kwa makosa ya neli ya maikromita 20 anakosea sawa na anayeitakasa kwa sababu ilitoka kwenye ganda la chungwa.

Sasa tutoke nje ya mwili, na hapa ndipo habari inaponifurahisha. Ingia zahanati yoyote kuanzia Kigoma hadi Kilifi mgonjwa anapopimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Mhudumu anamtoboa ncha ya kidole, anachota tone la damu, analiweka kwenye kitundu cha kwanza cha kile kibao cheupe cha plastiki, kisha anadondosha matone ya bafa, kile kimiminika cha kusukuma damu, kwenye kitundu cha pili. Damu inatambaa taratibu kwenye karatasi. Baada ya dakika 15 au 20 mstari wa C unatokea kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, na kama vimelea vipo, unatokea wa T. Wekundu wa mstari huo ni dhahabu: chembe nano za dhahabu zilizobandikwa kingamwili, zikirundikana mahali pamoja hadi jicho lione. Teknolojia ya nano haiko njiani kuja kijijini. Ilishafika zamani, na imepimia watoto wetu mamilioni ya mara. Udhaifu wake ni kwamba dhahabu huonekana tu inaporundikana kwa wingi. Kama kinachotafutwa ni kichache, mstari haujitokezi, na mgonjwa anaambiwa hana kitu.

Kwa nini basi tusiweke kitu kinachong'aa mahali pa dhahabu? Wamejaribu wengi, na kikwazo ni kwamba karatasi yenyewe, plastiki na hata damu vinang'aa kidogo vikimulikwa. Ukiongeza mwanga wa taa, na mng'ao huo usiotakiwa unaongezeka. Jibu zuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma lilichapishwa mwaka 2020 na watafiti wa University College London, UCL, wakiwemo Rachel McKendry na wenzake, na lilitumia almasi nano. Ule mwanga mwekundu wa nitrojeni na nafasi tupu una tabia ya pekee: ukiupelekea mawimbi ya maikrowevu ya karibu gigahezi 2.87, unafifia kidogo, na ukiyazima unarudi. Karatasi haina tabia hiyo, wala plastiki, wala damu. Kwa hiyo watafiti waliwasha na kuzima maikrowevu kwa mdundo maalumu na kuiagiza kamera ihesabu tu kile kinachofuata mdundo. Usiku kwenye Ziwa Victoria, karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mamia kwa mamia, lakini anayepepesa taa yake kwa mdundo mliokubaliana ukiwa ufukweni utamjua hata kama taa yake ndiyo hafifu kuliko zote. Kwa njia hiyo, katika vipimo vya mfano, walifikia kiwango cha ugunduzi kilicho bora mara 100,000 kuliko cha dhahabu. Walipoongeza hatua ya dakika 10 ya kuzidisha vinasaba kwa joto moja, waliweza kugundua hata nakala moja ya RNA, yaani vinasaba, ya virusi vya UKIMWI.

Mwenye kufanya kazi kliniki ya mama na mtoto anajua mara moja hilo lina maana gani. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha kingamwili hadi afikishe miezi 18, kwa sababu kingamwili za mama bado zinazunguka katika damu yake. Inabidi kutafuta virusi vyenyewe. Kwa miaka mingi njia imekuwa tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye kadi, likasafirishwa hadi maabara kubwa, na majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine baada ya mama kuhama au mtoto kuzidiwa. Mashine ndogo za kupima hapo hapo zimepunguza tatizo hilo pale zilipo, lakini zinahitaji katriji za bei, umeme usiokatika na fundi. Karatasi inayotoa jibu la namna hiyo ingekuwa jambo kubwa. Na angalia: katika matumizi haya yale matatizo ya mwilini hayapo. Hakuna figo ya kuchuja wala ini la kulimbikiza. Chembe inakaa kwenye plastiki na kuishia kwenye kichoma taka cha zahanati.

Bado haijafika, na sitaki msomaji adhani imefika. Virusi ilibidi vichakatwe kwanza ili RNA itoke kwenye damu, na kifaa kinahitaji taa ya kijani, kamera na kitoa maikrowevu. Ila vikwazo hivyo ni vya uhandisi na bei, na historia yetu wenyewe inaonyesha vinavyotatuliwa. Rangi ya auramini, inayofanya vimelea vya kifua kikuu vionekane kama vijiti vya njano kwenye giza, imejulikana tangu miaka ya 1930. Wataalamu walijua kwamba hadubini ya kung'aa hugundua wagonjwa zaidi, kwa wastani wa asilimia 10 kuliko ile ya rangi nyekundu ya kawaida. Lakini ilihitaji taa ya mvuke wa zebaki, ghali, ya moto, inayokufa baada ya saa mia chache, na chumba cha giza. Ikabaki hospitali kubwa. Kilichobadilisha mambo ni balbu za LED, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zamani. Rangi ilikuwa ile ile ya miaka 70 nyuma. Taa ndiyo ilishuka bei. Ndiyo maana naona ni kosa fedha chache za utafiti kumiminwa kwenye kutafuta mmea mwingine wa kuchemsha, huku kisoma mwanga cha bei nafuu, kinachostahimili vumbi na joto la Dodoma, kikikosa wa kukibuni. Vijana wa elektroniki na wa programu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wana uwezo wa kazi hiyo kuliko wengi wanavyodhani.

Ukali wa mwanga nao una mpaka wake, na mpaka huo ni kile kinachotafutwa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini moja ya kimelea cha falsiparamu iitwayo HRP2. Mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Peru kwamba kuna vimelea vilivyopoteza jeni la protini hiyo, na baadaye Eritrea ikakuta vimelea vya namna hiyo ni vingi kiasi cha kulazimika kubadili aina ya vipimo vyake. Kwa mgonjwa mwenye kimelea hicho, hata ukiweka almasi inayong'aa mara milioni ya dhahabu, mstari wa T hautatokea, kwa sababu kingamwili haina cha kushika. Nataja hili kwa sababu wauzaji wa vifaa hutangaza unyeti kana kwamba ndio ubora wote. Mnunuzi wa serikali anapaswa kuuliza kwanza kipimo kinashika nini, na je, kitu hicho bado kipo kwenye vimelea vya mkoa wake.

Neli za kaboni zinafungua mlango mwingine, na hapa hoja yangu inafika ninapotaka. Mwaka 2022 kikundi cha Daniel Heller wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, na wenzake walichapisha kazi ambayo neli zilizotiwa kasoro za makusudi zilitumbukizwa kwenye majimaji ya damu, na protini zikazishika kwa mchanganyiko unaobadili rangi na ukali wa mwanga wake wa infraredi. Hakuna protini moja iliyolengwa. Kompyuta ilifundishwa kutambua mpangilio mzima, kwa sampuli 269, ili kutofautisha wanawake wenye saratani kali ya ovari na wengine. Iliwatambua asilimia 87 ya wagonjwa huku ikiwaacha salama asilimia 98 ya wasio nayo. Habari zilitangaza kuwa saratani sasa inagunduliwa kwa tone la damu. Lakini kipimo bora kilichopo, kinachounganisha CA-125, protini ya damu inayotumiwa kama alama ya saratani hiyo, na ultrasaundi, kiligundua asilimia 84 kwa kiwango kile kile cha 98. Ni hatua mbele, tena hatua ndogo. Na tupige hesabu. Chukua mji wenye wanawake 100,000, tuseme 50 kati yao wana saratani hiyo. Kipimo kitawapata 43 au 44. Wakati huo huo, asilimia mbili ya wale 99,950 wazima, yaani karibu wanawake 2,000, wataambiwa huenda wana saratani. Kwa kila mgonjwa mmoja wa kweli, zaidi ya wanawake 40 watatumwa kwenye uchunguzi mwingine ambao hospitali zetu hazina nafasi nao, na baadhi yao watapasuliwa bure. Kwa wanawake ambao familia zao zina historia ya ugonjwa huo hesabu inabadilika na kipimo kinaweza kuwa na maana. Kwa umma mzima, hapana, angalau kwa sasa.

Hesabu hiyo ingeweza kufanywa popote. Jambo linalotuhusu zaidi ni damu iliyoifundisha kompyuta. Njia isiyolenga protini moja inasoma kila kitu kilichomo, na damu ya mtu aliyeugua malaria mara kadhaa, mwenye kichocho au minyoo, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, ina mpangilio tofauti wa protini, kwa mfano wingi wa kingamwili unaoonekana kwa watu waliokulia penye malaria. Kompyuta iliyofundishwa kwa sampuli za hospitali za Marekani haijawahi kuiona hali hiyo. Inaweza kuisoma kama ugonjwa, au ikafunikwa nayo na kuukosa ugonjwa wenyewe. Vifaa vya aina hii vitakapoletwa kwa ajili ya kuidhinishwa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda watapelekewa asilimia zilizopatikana kwingine. Wanapaswa kuzikataa hadi kipimo kipimwe kwa damu ya hapa.

Na uwezo wa kuipima tunao. Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na wenzetu wa vituo vya utafiti vya Kilifi na Entebbe wamefanya kazi na sampuli za damu za watu wa ukanda huu kwa miongo mingi, wana taratibu za ridhaa na maadili, na wanajua nani alikuwa na vimelea gani. Kaboni inayong'aa ikiwa bado changa, kabla bei na hatimiliki hazijafungwa, taasisi hizo zinaweza kwenda kwa watengenezaji na kusema: leteni neli zenu na almasi zenu, tutawapa majaribio ya kweli kwa masharti haya, takwimu zibaki hapa, na kipimo kitakachotoka kiuzwe kwa zahanati zetu kwa bei tuliyokubaliana tangu mwanzo. Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji mtu wa fizikia ya mwanga, mtu wa maabara, mwanasheria na mtu wa manunuzi ya serikali wakae meza moja, na yanahitaji kufanyika wakati watengenezaji bado wanatafuta sampuli.